Wazee Walisema "Hatujui": Okot p'Bitek na Swali la Nani Alituumba

Mwaka wa 1911, mapadri Wakatoliki kutoka Italia walikaa chini na wazee wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, wakawauliza swali ambalo wewe pengine uliulizwa ukiwa darasa la kwanza: nani alikuumba?

Shida ikaanza hapo hapo. Lugha ya Acholi haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ya padri, yaani kutoa kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Neno lililokuwa karibu ni la kufinyanga, vile mama anafinyanga chungu. Kwa hivyo swali lililofika masikioni mwa wazee lilikuwa: nani aliwafinyanga? Hilo nalo halikuwa na maana kwao. Mtu hafinyangwi, mtu anazaliwa na mamake. Wazee wakajibu: hatujui.

Wageni hawakutaka jibu hilo. Wakauliza tena na tena, mpaka mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna watu huzaliwa wakiwa sawa kabisa, halafu baadaye uti wa mgongo unaanza kujipinda na nundu inatokea. Leo daktari angesema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtu kama huyo, kusema ukweli, amefinyangwa upya. Na anayemfanyia hivyo ni pepo mbaya anayeitwa Rubanga. Basi mzee akasema: anayefinyanga watu ni Rubanga.

Mapadri wakachukua jina, wakaanza kuhubiri kwamba Rubanga ndiye Baba yetu wa mbinguni, anayetupenda wote. Mpaka leo Wakristo wa Acholi wanasali kwa jina hilo, wengine wakiliandika Lubanga.

Hii stori imeandikwa na Okot p'Bitek, na nikiri kwamba kila nikiisoma nacheka kwanza, halafu nanyamaza. Mimi siamini kuna Mungu. Lakini kinachonigusa hapa si utani wa pepo wa kibiongo kupandishwa cheo. Ni lile jibu la kwanza. Wazee waliulizwa kitu wasichokijua na wakasema hawakijui, na hakuna aliyelikubali kama jibu.

Kabla tuendelee, acha nipite kando kidogo kwa sababu ya lugha. Usicheke Waacholi ukidhani sisi tulikuwa na neno safi la kuumba tangu zamani. Kwa Kiganda, *okubumba* ni kufinyanga udongo, na *mubumbi* ni mfinyanzi. Neno letu la Kiswahili, kuumba, limetoka kwa shina hilo hilo la Kibantu. Wagikuyu wana Gikuyu na Mumbi, na Mumbi ni mwenye kufinyanga. Wajaluo wanamwita Mungu *Jachwech*, na kitenzi *chweyo* ndicho hicho wanachotumia kwa kutengeneza vyungu. Yaani robo tatu ya Afrika Mashariki inamsifu Muumba kwa msamiati wa karakana ya vyungu! Na kwa haki, hata Biblia, Mwanzo mlango wa pili, mtu anafinyangwa kutoka mavumbi ya ardhi. Wazo la kutoa ulimwengu kwenye utupu kabisa ni wazo moja maalum, la watu fulani, wa wakati fulani. Si kitu ambacho kila binadamu huzaliwa akiwa amekiwaza. Hiyo ndiyo pointi ya Okot.

Sasa huyu Okot ni nani? Wengi mnamjua kama jina kwenye karatasi ya mtihani wa fasihi, yule wa *Wimbo wa Lawino*, kilichotoka Nairobi mwaka wa 1966. Alizaliwa Gulu mwaka wa 1931. Alikuwa mwalimu, mwimbaji, na mchezaji mpira mzuri kiasi cha kwenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda. Timu ikarudi, yeye akabaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth huko Wales, na ni huko Wales ambapo imani yake ya Kikristo ilimwisha. Halafu akaenda Oxford kusomea anthropolojia. Siku ya kwanza darasani akamsikia mwalimu akiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale. Alilalamika, hakuna kilichobadilika. Tasnifu yake ya udaktari, kuhusu dini ya watu wake mwenyewe, Oxford waliikataa mwaka wa 1970.

Wakati huo alikuwa ameshahamia Kenya, kwa sababu serikali ya Uganda ya Obote hakupatana nayo. Alifanya kazi Kisumu, baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Na mwaka huo huo wa 1970, shirika la uchapishaji la hapa hapa Nairobi, East African Literature Bureau, likatoa kitabu chake chembamba kinachoitwa *African Religions in Western Scholarship*. Stori ya Rubanga iko humo.

Kitabu hicho kinagombana na kila mtu. Kinagombana na Wazungu waliosema Mwafrika hana dini, ana ushirikina tu. Hiyo ilitarajiwa. Lakini kinawageukia pia wasomi Waafrika, na hapo ndipo kuna moto. Okot anasema wasomi wetu waliumizwa na matusi ya Wazungu, na badala ya kuuliza babu zetu waliamini nini hasa, wakakimbia kuthibitisha kwamba sisi pia tulikuwa na Mungu mmoja, mwenye nguvu zote, aliye kila mahali, anayejua yote. Wakachukua miungu ya Kiafrika wakaivika kanzu za Wagiriki. Kwenye orodha ya waliofanya hivyo yumo Danquah wa Ghana, yumo Idowu wa Nigeria, na yumo Mzee Jomo Kenyatta.

Yumo pia John Mbiti, mwanatheolojia wa Kitui. Yeye pia alizaliwa 1931, mwaka mmoja na Okot, na yeye pia alisomea Uingereza. Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana, na kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika ndicho kilichofanya ulimwengu mzima urudie kwamba Mwafrika ana dini kwenye kila pumzi. Mwaka uliofuata alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka karibu jamii 300 za bara hili. Ni kazi kubwa, siidharau. Lakini ukisikia leo mtu akikwambia "Mwafrika hawezi kuwa bila Mungu, hiyo ni tabia ya Wazungu", jua anakupa Mbiti bila kujua. Okot alikuwa amejibu hiyo hoja miaka 50 iliyopita, na alikuwa Mwacholi kuliko wengi wetu tulivyo chochote.

Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu mtego huu una upande wa pili. Wazee wa Acholi hawakuwa wasioamini kama mimi. Dunia yao ilijaa *jok*. Kulikuwa na jok wa eneo la chifu, jok wa ugonjwa fulani, mizimu ya waliokufa. Nikiwachukua wazee hao nikawafanya wanachama wa mbogi yangu nitakuwa nimewavika kanzu nyingine tu. Na hata ile stori ya Rubanga si ya kumeza bila kutafuna. Jirani zao Wanyoro wana Mungu muumba anayeitwa Ruhanga, na majina haya mawili yanafanana mno kuachwa bila swali. Inawezekana jina lilishatembea kati ya jamii hizi kabla ya mapadri kufika. Mimi bado nadhani hoja kuu ya Okot inasimama: hakukuwa na bosi mmoja wa mbinguni anayetoa amri kumi na kuhesabu dhambi. Alichosema ni kwamba dini za huku zilishughulika na maisha haya, afya, uzazi, mavuno, ushindi dhidi ya bahati mbaya. Mbinguni na jehanamu hazikuwa kwenye ajenda.

Sasa ndio tunafika kwa lile swali ninaloulizwa kila wiki. Kama huamini Mungu, nini kinakuzuia kuua?

Weka swali hilo mbele ya Waacholi wa kabla ya 1911. Hawana Mungu wa amri, hawana moto wa milele. Nini kiliwazuia kuuana?

Jibu lao linaweza kuelezwa hatua kwa hatua, na ni zito. Mtu wa ukoo mmoja akimuua mtu wa ukoo mwingine, mambo yote kati ya koo hizo mbili yanakatika. Hakuna kula pamoja. Hakuna kunywa maji kwenye boma la wengine, hakuna kuoana. Hali hiyo inaweza kukaa miaka. Muuaji anasumbuliwa na *cen*, mzimu wa aliyemuua, na si yeye peke yake bali watu wake wote. Njia ya kutoka ni moja: kusema ukweli. Lazima akiri alifanya nini, wapi, kwa nini. Wazee wanatembea katikati ya pande mbili, kwa sababu wenye hasira hawawezi kukaa pamoja. Halafu inakuja fidia, na fidia hiyo hailipwi na muuaji pekee, inachangwa na ukoo mzima. Fikiria hapo kidogo. Binamu yako akiua, ng'ombe wako anatoka. Unadhani ukoo unamwacha binamu kama huyo akue bila malezi?

Ng'ombe hao mara nyingi walisaidia familia ya marehemu kuoa, ili mtoto azaliwe na jina la marehemu lisipotee. Zamani zaidi, familia ya muuaji iliweza kutoa msichana badala ya mali, na hapo mimi sipigi makofi. Binti hakuua mtu. Kwamba ni desturi ya mababu haifanyi iwe sawa.

Mwishowe wanakuja kunywa. Mizizi ya mti wa oput inapondwa, inachanganywa na pombe kwenye kibuyu, na ni chungu kweli kweli. Mtu wa upande wa muuaji na mtu wa upande wa marehemu wanapiga magoti, mikono nyuma ya mgongo, wanainama pamoja na kunywa kutoka kibuyu kimoja. Kondoo na mbuzi wanachinjwa, wanakatwa nusu, pande zinabadilishana nusu. Halafu wanakula pamoja kwa mara ya kwanza tangu kifo. Hiyo ndiyo *mato oput*, kunywa uchungu.

Utaniambia: lakini cen ni mzimu, hiyo bado ni dini. Sawa, nakubali, na mimi siamini mizimu. Lakini angalia kazi inafanywa na nani. Anayeudhiwa ni binadamu aliyekufa na watu wake, si Mungu. Anayelipwa ni familia iliyopungukiwa, si kanisa. Na huwezi kutubu peke yako chumbani umefunga macho halafu utoke ukiwa msafi. Yule uliyemkosea lazima awe hapo, akunywe uchungu na wewe. Toa mizimu yote kwenye hadithi, na bado umebaki na ukweli, fidia, na jirani ambaye utamwona tena kesho kisimani.

Linganisha na mwanasiasa wetu anayeiba Jumatatu na Jumapili anapewa kipaza sauti madhabahuni. Nani alilipwa hapo?

Historia ya Acholi haikuishia kwa vibuyu. Kuanzia mwaka wa 1987 hivi, kijana wa huko huko, Joseph Kony, alianzisha jeshi lililoitwa Lord's Resistance Army, na akasema anataka Uganda itawaliwe kwa Amri Kumi. Jeshi la amri kumi likateka watoto kwa maelfu, likakata watu midomo na masikio, likawalazimisha watoto kuua majirani zao. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati za kumkamata yeye na makamanda wake.

Ingekuwa rahisi mimi niishie hapo niseme, mnaona dini? Lakini huo ungekuwa uongo kwa kunyamaza. Kwa sababu waliosimama kupinga vita hiyo, mbele kabisa, walikuwa pia watu wa dini. Viongozi Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu wa Acholi waliungana kutafuta amani, wakaenda msituni kuongea na waasi huku jeshi la serikali nalo likiwashuku. Juni 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walilala nje mjini Gulu usiku kadhaa, pamoja na maelfu ya watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini ili wasitekwe. Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Uganda alimpoteza mkewe kwa bomu la ardhini mwaka wa 1997. Aliendelea kupigania maridhiano, na akatetea mato oput hadharani. Mwaka wa 2007, makubaliano yaliyotiwa sahihi Juba kuhusu uwajibikaji yakaitaja kwa jina. Kibuyu ambacho wamishonari walikiona cha kishenzi kikarudi mezani, kimebebwa na askofu.

Sasa shika mambo haya mawili pamoja. Kony alimtaja Mungu. Ochola alimtaja Mungu. Lugha moja, eneo moja, jina moja lililotoka kwa mzee mmoja aliyesumbuliwa na maswali. Wewe unajuaje ni yupi alikuwa sahihi?

Na unajua. Hakuna msomaji hapa aliyehitaji kufungua Biblia kwanza ili aamue. Ulisoma kuhusu midomo iliyokatwa ukahukumu hapo hapo. Hilo ndilo nataka ulitazame. Kipimo ulichotumia kuwatofautisha hao wawili hakikutoka kwa jina la Mungu, kwa sababu jina hilo walikuwa nalo wote. Kilikuwa ndani yako tayari, umepewa na kila mtu aliyewahi kukulea, kukuumiza na kukuonea huruma.

Tulifanya hivyo hivyo mwaka wa 2023, miili ilipoanza kufukuliwa Shakahola, mpaka hesabu ikapita 400. Nchi nzima ilisema kwa sauti moja: hiyo si dini ya kweli. Mimi nakubaliana na hisia, lakini nauliza ulijuaje. Waliofunga mpaka kufa walikuwa na imani kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Walichokosa ni nafasi ya kusema "hatujui kama hii ni kweli, hebu tungoje". Imani iliyokatazwa kuuliza haina breki.

Wenzangu wasioamini wasishangilie sana. Albania ilipiga marufuku dini zote mwaka wa 1967, misikiti na makanisa yakafungwa, mapadri wakatupwa jela, wengine wakauawa. Enver Hoxha hakuwa na Mungu na hakuwa na huruma pia. Kutoamini hakumpi mtu maadili. Kunamwondolea tu mtu wa kumsingizia.

Kitu kingine kinachonikera ni hata jina tunaloitwa. Kiswahili kinasema mkana Mungu. Lakini kukana ni kile mshukiwa anafanya kortini akisomewa mashtaka. Unakana kitu ambacho kila mtu anadhani kipo. Hakuna anayemwita mtu asiyeamini majini mkana majini. Jina lenyewe limeshatoa hukumu kabla hatujafungua mdomo. Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, halafu Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Chama cha wasioamini kilisajiliwa mwezi wa Februari 2016, na kufika Aprili usajili ukawa umesimamishwa. Kwenye sensa ya 2019, watu 755,750 waliandikwa kama wasio na dini. Hao si watu wa Wales. Wengine mnaishi nao nyumba moja, wanafumba macho chakula kikiombewa ili mama asihuzunike. Wala siwalaumu.

Okot alifariki Kampala mwaka wa 1982, akiwa na miaka 51. Kitabu chake kimechapishwa upya, na ni kifupi, unakimaliza wikendi moja hata kama wewe si msomaji.

Lakini kabla ya hapo nina kazi kwenu. Leo jioni mpigie nyanya yako simu. Usimuulize kama anaamini Mungu, utaharibu siku. Muulize kwa lugha yenu kitenzi cha kuumba ni kipi, na kitenzi hicho kinafanya kazi gani nyingine huko nyumbani, kama ni ya vyungu, ya kusuka vikapu au ya kuzaa. Wakalenjin hasa nawangoja, na Wataita, na Wapokomo. Andikeni kwenye komenti alichosema. Na akisema hajui, andikeni hivyo hivyo.